Mshenga wangu wa nne alikuwa kaseti ya video, na niliihesabu mara mbili

Wakuu, habari za mihangaiko.

Kuna mdau juzi kaleta uzi kwamba ameangalia filamu moja ya zamani ya kifamilia, zile zenye sifa na tuzo, kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, akalia mbele ya watoto wake. Mmemcheka kurasa tatu. Mimi sikucheka. Filamu ya namna hiyo ilikaribia kuninyima mke.

Ninayoandika hapa yamenitokea mimi. Majina nimebadilisha, mengine nimeyaacha yalivyo. Palipo na idadi nimehesabu mara mbili, ingawa mtaona huko chini kwamba kuhesabu mara mbili hakukunisaidia kitu.

Tuanze.

Miaka ile ya wakimbizi, Kigoma ilikuwa imejaa. Vita Burundi, vita ng'ambo ya ziwa, kambi huko juu zinafurika, magari meupe ya mashirika yanatupulizia vumbi kila saa. Mimi nilikuwa kijana, nauza mawese soko la Ujiji.

Sokoni nilijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, nikinunua kitu nilikuwa napunguza bei mpaka muuzaji ananiuliza kwa upole kama nyumbani kuna msiba. La pili, kila kitu nilihesabu kwenda na kurudi. Chupa thelathini za mawese, zikitoka thelathini mara zote mbili, ndipo nalala.

Sasa, mtaa wa Buzebazeba alikuwepo fundi baiskeli mmoja, Mrundi, tumwite Mzee Zakaria. Alipata kibali cha kukaa mjini na watoto wake watano. Mama yao alibaki kule, kaburini. Mzee mwembamba, mpole, anaongea maneno machache kana kwamba kila neno linakatiwa tiketi.

Binti yake wa pili, Konsolata, alikuwa anamsaidia kazi. Alikaa kwenye kigoda kidogo cha miguu mitatu, beseni la maji mbele yake, anazamisha tyubu kutafuta mapovu.

Ndani ya miezi mitatu baiskeli yangu ilipata pancha kumi na moja.

"Hii imetobolewa na pini," Konsolata akaniambia siku moja, bila kuinua uso kwenye beseni.

"Barabara zetu unazijua," nikasema.

"Barabara gani ina pini kila Jumanne?"

Nikatoa hela bila kupunguza bei. Akacheka kidogo tu, kidole kimeziba tundu la tyubu. Wakuu, biashara yangu yote niliyowahi kufanya, hakuna siku nilishindwa bei haraka namna ile.

Tukaelewana. Ila kuelewana na binti ni nusu ya safari, na wengine mnajua ile nusu nyingine inaitwaje.

Kwa vijana wa siku hizi wanaotuma ombi la ndoa kwa simu: kwetu muoaji hajipeleki. Unatafuta mshenga, mtu mzima mwenye ulimi na subira, anakwenda kukusemea. Wewe unakaa nyumbani unasubiri.

Mshenga wa kwanza alikwenda, akapewa chai, akarudishwa.

Mshenga wa pili alipewa chakula. Akarudi kwangu amekasirika, nikadhani katukanwa. "Nimepewa tambi," akasema. "Tambi za nyanya na kitunguu. Hazina hata chembe ya sukari. Yule mzee vita imemharibu."

Nikamwambia mimi mwenyewe nimezila pale mara mbili, nikazimeza kwa adabu. Kwetu tambi ni za sukari na nazi, mtu mzima haziwekei kitunguu. Kumbukeni hizi tambi, nitazirudia.

Mshenga wa tatu alipewa maji ya kunywa, akafunguliwa mlango.

Jibu la Mzee lilikuwa lile lile mara zote tatu:

"Niliingia nchi hii na watoto watano. Siku kwetu kukitulia nitarudi, nami nitahesabu watano. Nikikuta wanne, nitamwambia nini mama yao?"

Hapo wakuu nikakwama. Mahari ningeweza kuibishania mpaka jua lizame. Lakini huyu hakutaja mahari. Alikuwa anahesabu watoto, na mimi ndiye niliyetaka kumharibia hesabu. Hoja ya namna hiyo utaipunguzia wapi?

Konsolata akaniambia wazi: "Bila neno la baba sitoki. Na nyumba ya mkimbizi haiachwi kwa kutoroka. Alishatoroka kwake mara moja, inamtosha."

Basi ndipo akatokea mchuuzi wa kaseti.

Alikuwa anavuka ziwa na mzigo wa kaseti za video kutoka ng'ambo, anatandika turubai pembeni ya soko. Mapigano, mapigano, mapigano, halafu kaseti mbili peke yake, ganda lake jeusi na jeupe. Mzee mmoja wa Kizungu amekaa kwenye kiti, binti kasimama nyuma yake, kijana kasimama mlangoni na sanduku.

"Hii siyo ya kila mtu," akasema. "Ni ya kifamilia, ya zamani. Ilipata tuzo huko Ulaya. Mzee anamkatalia kijana binti yake, anamkatalia, mwishoni moyo unalainika. Mzee yeyote akiiona analia. Kalemie, ng'ambo kule, imeozesha mabinti watatu."

"Umeiona?"

"Nimeona waliotoka kuiona."

Nilimbana mpaka akaketi chini. Nilizihesabu kaseti: moja, mbili. Nikazihesabu tena kurudi: mbili, moja. Sehemu ya kwanza na ya pili, nikasema moyoni, mzigo umekamilika. Nikamlipa.

Nikaamua mshenga wangu wa nne awe filamu.

Banda la video lilikuwa Kasingirima, la rafiki yangu Dula. Mabati juu, mabenchi ndani, mablanketi madirishani. Dula ndiye alikuwa mwenye deki, mwenye jenereta, na ndiye mtafsiri. Alikuwa anasimama kando ya televisheni anatueleza kila mhusika anasema nini. Kichina alitafsiri, Kihindi alitafsiri, Kifaransa alitafsiri. Lugha alizozijua ni Kiswahili na Kiha.

Hakuna aliyelalamika. Filamu za mapigano maneno yake hayatofautiani sana.

"Hii ya lugha gani?" akaniuliza, anageuza ganda.

"Ya wazee. Wewe hakikisha mzee wa kwenye picha anaeleweka."

"Kaka, kwangu hakuna mzee asiyeeleweka."

Nikamwalika Mzee Zakaria kwa heshima zote, Jumamosi saa tisa mchana. Akaja na jirani zake wawili, Mzee Ntibashima na Mzee Hamisi, kwa sababu mtu wa akili haendi peke yake mahali asipojua ameitiwa nini. Konsolata akaja nyuma yao, akakaa benchi la mwisho.

Sikuwa nimeitazama kabla, wakuu. Naweka wazi. Mtu anayehesabu chupa za mawese kwenda na kurudi alichukua maisha yake yote, akayatia kwenye deki bila kuonja.

Dula akawasha.

Mzee wa Kizungu, mezani. Anakata mkate. Anakata taratibu. Dakika ya kwanza inapita, ya pili inapita, mkate tu. Dula amezoea filamu ambazo ikifika dakika ya pili watu watatu wameshakufa, kimya kikaanza kumtoa jasho.

"Anasema mkate mgumu," akatafsiri.

Mzee wa kwenye picha hakuwa amefungua mdomo.

"Anasema moyoni," Dula akaongeza.

Kijana akaingia, sanduku mkononi. Akakaa kwenye kiti kando ya mzee. Wakaongea kwa sauti ya chini muda mrefu. Dula akawa na kazi sasa: "Kijana anasema, mzee, nimekuja kwa adabu, nataka binti yako. Mzee anasema, hapana. Kijana anasema, kwa nini. Mzee anasema, nimesema hapana."

Mzee Hamisi akaguna. "Kijana kakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Hapo ameshakosea."

"Mimi ningemnyima kwa hicho kiti tu," akasema Mzee Ntibashima.

Nikaona jasho langu nami linatoka. Mzee Zakaria anatazama tu, mikono kwenye magoti.

Mwisho mzee wa kwenye picha akasimama, akatikisa kichwa, akapaza sauti, akachukua sanduku la kijana akalitupa nje. Kijana akatoka. Binti akalia. Mzee akabaki kasimama anakitazama kile kiti kitupu. Kioo kikawa cheusi.

"Huyo ndiye baba," Mzee Hamisi akasema, akapiga makofi. "Analinda nyumba yake."

"Kuna sehemu ya pili," nikasema haraka. "Wazee wangu, subirini sehemu ya pili, mambo yanabadilika."

Mzee Zakaria akasema neno moja: "Endelea."

Dula akabadilisha kaseti. Nikashusha pumzi. Sehemu ya kulainika moyo hiyo inakuja.

Mzee wa Kizungu, mezani. Anakata mkate.

Nikasema moyoni, basi ni siku ya pili yake. Kisha nikauona mkate. Ule ule, umeungua pembeni kama mwanzo. Nikamtazama Dula, Dula akanitazama. Wakuu, nilikuwa na kaseti mbili kweli. Zote mbili sehemu ya kwanza.

Nilihesabu mara mbili. Sikusoma hata mara moja.

"Mbona mkate tena?" akauliza Mzee Ntibashima.

"Ni kesho yake," Dula akasema, bila kupepesa. Sitamsahau kwa hilo. "Mzee kaamka, kala tena."

"Kavaa shati lile lile."

"Kijijini kwao shati moja."

Kijana akaingia na sanduku. Mzee Hamisi akatingisha kichwa. "Amerudi. Jana katupiwa mzigo nje, leo karudi nao. Huyu kijana ana moyo."

Hapo Dula akaniangalia kwa jicho moja. Nikamfanyia ishara ya mkono, ile ya kumimina mawese taratibu: lainisha.

Akalainisha. Picha zile zile, maneno mapya. "Kijana anasema, baba, nimerudi. Mzee anasema, jana nilikuwa na hasira, nisamehe. Kijana anasema, hapana, wewe nisamehe mimi, nilikaa kwenye kiti."

"Afadhali amelijua," Mzee Hamisi akasema.

Tatizo ni mwisho. Mzee wa kwenye picha akasimama tena, akatikisa kichwa tena, akapaza sauti tena.

"Anasema, mchukue binti yangu," Dula akatafsiri.

"Mbona anatikisa kichwa?"

"Kwao ndivyo wanavyokubali."

"Na kelele?"

"Furaha imemzidi."

Sanduku likaruka nje ya mlango.

Wote watatu wakamgeukia Dula. Dula akameza mate. "Anamtolea mzigo," akasema. "Ampunguzie uzito. Mkwe mwema hamwachi kijana abebe peke yake."

Mzee Ntibashima akafikiri. "Ni kweli, jana alikuwa ameutupa kwa nguvu zaidi."

Ndipo nikamtazama Mzee Zakaria. Machozi yalikuwa yanamtoka. Niliyahesabu: mawili jicho la kulia, moja la kushoto. Nikarudia kuhesabu, yakawa yameongezeka.

Nikasema moyoni, mawese yamemiminika, hayarudi kwenye chupa. Nimeoa.

Akasimama, akatoka, akaniita nje pembeni ya jenereta. Nikaenda nimeshapanga uso wa mtu anayekubaliwa.

"Kijana. Kwangu umekula tambi mara ngapi?"

"Mara mbili, Mzee."

"Hukujiuliza nilijifunzia wapi?"

Sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimezimeza tu.

"Miaka kumi na mmoja nilikuwa mpishi wa mapadri wa Kitaliano," akasema. "Jikoni kwao hakuna aliyejua Kirundi. Ile filamu ni ya Kitaliano. Nimesikia kila neno. Mara mbili."

Wakuu, kuna wakati mtu anatamani jenereta ilipuke.

Miaka yote ile, mimi na Buzebazeba nzima, tulimjua ni mkimbizi anayeziba pancha. Hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa nani kabla ya kukimbia. Washenga watatu walikalia mkeka wake na hakuna aliyeuliza. Nami nilikuwa mtu wa nne.

"Yule kijana si mkwe," akaendelea. "Ni mwanawe wa kumzaa, ndugu wa yule binti. Anataka kwenda mjini kutafuta kazi. Mzee anamwambia, nenda upesi kabla sijakuzuia. Ndiyo maana katupa sanduku nje. Na kile kiti ni cha mtoto tangu mdogo. Anamwambia, kiti chako sitampa mtu."

Akafuta uso kwa kiganja.

"Rafiki yako mwongo sana. Lakini ile mara ya pili, pale pa kumtolea mzigo, alikaribia."

"Nisamehe, Mzee."

"Umenidanganya mara mbili ndani ya mchana mmoja."

"Ni kweli, mbili."

"Basi kanitafutie sehemu ya pili. Ya kweli. Nataka kujua yule mzee alikufa peke yake au vipi. Nikijua, tutaongea mambo yako." Akageuka kuondoka, akarudi hatua moja. "Na ukinipa ya kubahatisha, usipitishe tena baiskeli yako kwangu. Wala pini zako."

Kumbe na pini alijua.

Mchuuzi nilimfuata Jumatatu yake, turubai halipo, keshavuka maji. Wiki tatu nikauliza kila mwenye deki kuanzia Ujiji mpaka Mwanga, hakuna. Konsolata akawa ananiuliza kila Jumanne kwa macho, mimi najibu kwa mabega. Na redio zikaanza kusema mazungumzo ya amani yanakwenda vizuri. Kila mtu Kigoma alikuwa anaomba amani ije. Mimi niliiomba pia, ila niliiomba ikawie kidogo, Mungu anisamehe.

Kisha Dula akasikia habari. Kalinzi kuna mkulima wa kahawa, Bwana Eliya, ana televisheni ya betri ya gari, na anawasumbua watu kwa kulalamika kuhusu filamu isiyo na mwanzo.

Nikapanda Kalinzi siku ile ile. Kuanzia barabarani nilikwenda kwa miguu kupita migomba na kahawa, kaseti zangu mbili kifuani.

Bwana Eliya nilimkuta anaanika kahawa. Kabla sijamaliza salamu akaingia ndani, akatoka na kaseti mbili, ganda jeusi na jeupe.

"Nilinunua sehemu mbili," akasema kwa uchungu. "Zote za mwisho. Nimeangalia mara sita. Inaanza mzee yuko kwenye treni, amebeba kiti. Watu wote wamekaa, yeye amekaa, kiti kiko magotini. Kwa nini? Hakuna anayemuuliza kwa nini. Silali."

Nikamwambia sababu ninayo. Tubadilishane, kaseti moja kwa kaseti moja.

Wakuu, nimekutana na wafanyabiashara wengi, lakini yule mkulima alinifundisha kazi. Hakupokea. Aliichukua kaseti yangu, akaiweka kwenye deki, akasema "tuionje kwanza," akaangalia yote mpaka kiti kinabaki kitupu. Nami nikawa namtafsiria kama Mzee alivyonieleza.

Mwisho wake akaitoa kaseti kwenye deki.

"Kumbe kiti ni cha mtoto," akasema. "Nimemtukana yule mzee mara sita bure."

Nami nikamwomba tuionje yake. Safari hii sikutaka kurudia kosa. Nikatazama mpaka mwisho bila kuelewa neno. Mzee anafunga nyumba, anapanda treni na kiti, anaulizia njia, anazungushwa mji mzima, anafika kwenye mlango, anabisha. Mwanawe anafungua. Mzee anasema maneno machache, mafupi sana. Picha inabaki kwenye uso wa mwana, halafu kwisha.

Hawakumbatiani. Hakuna anayecheka. Na mwana hakurudi nyumbani, aliyesafiri ni baba.

Nikashuka mlimani sijui kama nimebeba mke au nimebeba talaka. Nilifikiri kumwambia Mzee kwamba sikuipata. Lakini redio zilikuwa zinaendelea kusema amani inakuja, na mimi uongo wangu wote nilishautumia.

Jumamosi, saa tisa, banda la Dula. Wazee wale wale wawili, kwa sababu walishaingia kwenye hadithi na hawakubali kutoka. Konsolata safari hii akakaa benchi la mbele.

Mtafsiri akawa Mzee Zakaria mwenyewe, amesimama kando ya televisheni, mikono nyuma. Dula alikaa na watazamaji, amekunja mikono, anasikiliza kama mkaguzi.

"Anaruka maneno," akaninong'oneza. "Mimi ningejaza hapo."

Mzee alitafsiri kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, taratibu, bila kuongeza chumvi. Treni. "Wanamwambia, mzee, weka kiti chini. Yeye anasema, oya, hapana, sijachoka." Mjini. "Anauliza njia. Wanamcheka."

Mlango. Mzee wa kwenye picha akabisha. Mwana akafungua. Mzee akasema yale maneno yake machache.

Mzee Zakaria hakutafsiri.

Uso wa mwana ukabaki kwenye kioo, mkubwa, kimya. Jenereta linanguruma. Tunasubiri. Mzee Hamisi akakohoa.

"Baba," Konsolata akasema. "Amesema nini?"

Mzee akatazama ukutani muda mrefu.

"Amesema ana njaa," akajibu.

Dula akaniinamia. "Hiyo hata mimi ningeisema."

Mzee Zakaria akazima televisheni kwa mkono wake. Akapita mbele yangu bila kunitazama, akasimama mlangoni.

"Nileteeni mshenga," akasema. "Mtu. Siyo kaseti."

Egome, ndiyo wakuu, tulioana. Mshenga wa tano alipewa tambi, akala, akaomba aongezwe, kwa sababu nilimtishia kabla. Konsolata alitoka kwao na kila kilicho chake isipokuwa kimoja: kile kigoda cha miguu mitatu. Alipotaka kukibeba, Mzee alikikalia. Tukaona uzee.

Miaka ikapita, kwao kukatulia kweli. Siku ya msafara wa kurudi tulikwenda kumuaga. Alisimama kwenye ngazi ya gari akahesabu watoto wake. Wanne. Akahesabu tena kwa kidole. Wanne. Akanitazama, nikaangalia chini, akapanda. Dirishani nikamwona amekaa, kigoda kiko magotini.

Sikuelewa. Nasema kweli, filamu nilishaiona yote, na bado sikuelewa.

Miaka mitatu baadaye, asubuhi, nahesabu chupa uani. Mlango ukabishwa. Konsolata akaenda kufungua, mtoto wetu wa pili mgongoni.

Hakurudi, nikaenda kuangalia.

Mzee Zakaria alikuwa amesimama pale, vumbi la Manyovu, njia ya mpakani, mpaka kwenye nyusi, kigoda begani.

"Nina njaa," akasema.

Konsolata alicheka, kisha akashindwa kucheka, akakaa chini palepale mlangoni na mtoto mgongoni. Mzee akaweka kigoda karibu yake, akakipangusa vumbi kwa mkono.

"Inuka," akamwambia. "Chako hiki hapa."

Mchana alipika mwenyewe, tambi za nyanya na kitunguu, bila sukari. Watoto wakagoma. Mimi nikala sahani mbili. Katikati ya chakula akasema, kama anayetaja hali ya hewa: "Nilikwenda kaburini, nikamwambia mama yao kwamba wa pili amebaki Ujiji. Sikusikia akibisha."

Alikaa kwetu mpaka mwisho wake. Kigoda bado tunacho.

Nilichojifunza, wadau. Ukinunua kitu, usihesabu tu, soma na kilichoandikwa. Ukitaka kumwonyesha mtu filamu ya kumlainisha, itangulie wewe. Na ukikaribishwa chakula usichokielewa kwa mtu aliyekimbia kwake, kabla ya kumeza muulize alikuwa nani huko alikotoka. Mimi ingeniokolea kaseti moja.

Sasa karibuni mchangie, hasa mliowahi kukataliwa washenga zaidi ya watatu, tujuane.

Ombi moja tu. Najua humu wamo wanaojua filamu za zamani na Kitaliano wanakijua. Kama kuna anayeitambua hiyo filamu, na anajua yule mzee alisema nini hasa pale mlangoni, namuomba abaki nayo. Kwetu ilishatafsiriwa.